Fundi mwenye simu: namna ya kuanzisha chaneli ya YouTube ya Kiswahili mpaka ikuingizie hela

Haya maelezo nawaandikia mafundi. Fundi cherehani, fundi simu, mfugaji wa kuku, dada wa keki, msusi, yeyote ambaye kuna kitu anakijua kwa mikono yake na watu huwa wanamfuata kumuuliza. Wa muziki na vichekesho njia yao ni nyingine, video za Diamond Platnumz zilipofikisha kutazamwa mara bilioni moja YouTube mwaka 2020, msanii wa kwanza wa Afrika kusini mwa Sahara kufika hapo, nyuma yake kulikuwa na studio, timu na mtaji wa miaka. Fundi hahitaji vyote hivyo. Fundi ana majibu, na kwenye YouTube ya Kiswahili majibu ndo kitu kinachokosekana.

Hebu jaribu sasa hivi kabla hujaendelea kusoma. Fungua YouTube uandike "cherehani inakata" halafu usibonyeze chochote, angalia maneno yanayojileta yenyewe chini ya kisanduku. Yale hayajatungwa na mtu ofisini, ni watu kweli wameandika, yupo wa Mbeya, yupo wa Mombasa, yupo wa Bujumbura, kila mmoja amekaa mbele ya cherehani iliyogoma na kazi ya mteja ipo mezani. Sasa bonyeza uone video zinazokuja, utakuta chache, nyingine sauti haisikiki, nyingine mtu anasalimia dakika mbili nzima. Halafu tafuta swali hilohilo kwa Kiingereza uone zilivyojaa. UNESCO wanasema wasemaji wa Kiswahili ni zaidi ya milioni 200, na hao wote wana cherehani, kuku, simu zilizozima na keki zilizobonyea katikati. Hapo ndo pa kuingilia.

Kwanza daftari, kamera baadae

Chukua daftari uandike maswali unayoulizwa na wateja, na uyaandike kwa maneno yao wenyewe, usiyasafishe. Mteja hasemi "marekebisho ya mkazo wa uzi", anasema "mbona uzi unakatika kila nikishona". Basi hicho ndo kichwa cha video yako. Andika maswali thelathini hivi, ukikwama kaa na wanafunzi wako au ingia magrupu ya WhatsApp ya fani yako usome wanacholalamika. Kama kwenye thelathini hayo kuna ambayo hata wewe hujui jibu lake vizuri yaache kwanza, maana mtu atafanya ulichosema na kitambaa cha watu kitaharibika, au kuku wake watakufa. Mfugaji anayesema kwenye video chanjo ya kideri siku ya 7, Gumboro siku ya 14, kideri tena siku ya 21, awe amefanya mwenyewe na amehakikisha na daktari wa mifugo wa eneo lake, yani hapa hakuna kukisia.

Alafu kitu ambacho wengi wanakisahau, Kiswahili chetu ni kimoja lakini majina ya vitu yanatofautiana. Unachoita kideri wewe mwenzako wa Kenya anakiita Newcastle, kwahiyo kichwa cha video andika jina la kwako na kwenye maelezo ya chini weka na lile jina lingine kwenye sentensi ya kawaida tu, ili na yeye akitafuta akupate. Usirundike maneno mia yasiyohusiana, YouTube inaliona hilo kama udanganyifu.

Vifaa, na hapa usitumie hela nyingi

Simu uliyonayo inatosha kama inarekodi video kwa ubora wa 1080p. 4K, ule ubora mkubwa zaidi, achana nayo, inajaza simu na inakula bando wakati wa kupandisha na mtazamaji wako anaangalia kwenye simu ndogo hata hataona tofauti. Hela ya kwanza weka kwenye sauti. Picha ikiwa na ukungu kidogo mtu anavumilia, ila sauti ikiwa mbaya anaondoka saa hiyohiyo, kwahiyo tafuta maiki ndogo ya kubana kwenye kola, hata ile ya waya ya bei ya chini madukani Kariakoo inazidi maiki ya simu kwa mbali ukiwa umesimama hatua mbili kutoka kwenye simu. Zima feni, usirekodi mvua ikipiga bati, na kama ofisi ipo barabarani amka mapema kabla bodaboda hazijaanza.

Mwanga ni dirisha. Dirisha liwe mbele yako au ubavuni, likikaa mgongoni sura inakuwa nyeusi. Futa kioo cha kamera kwa kitambaa safi kila mara, simu inakaa mfukoni na mikono ya fundi ina mafuta. Kwa kazi za mikono simu iwe inaangalia kutokea juu, stendi ikikosekana ifunge kwenye mbao iliyopita kati ya viti viwili, mradi isitikisike. Video ndefu laza simu, zile fupi za Shorts isimamishe.

Kukata na kuunganisha tumia CapCut au InShot hapohapo kwenye simu. Kata ukimya, kata "eeeh", na kila unapotaja kipimo kiandike kwa tarakimu kwenye kioo, inchi 36, gramu 250, kijiko 1, maana mtu anasimamisha video ili anakili.

Video yenyewe inavyopangwa

Hapa ndo watu wengi wenye ujuzi mkubwa wanapotea, na inauma kuona fundi wa kweli ana watazamaji arobaini kwasababu tu ya mpangilio. Tuchukue ile ya cherehani kukata uzi wa juu.

Usianze na jina lako. Anza umeshika kitambaa ambacho mshono umekatika, kiweke karibu na kamera useme "kama cherehani yako inakata uzi wa juu hivi, shida huwa iko sehemu tano, na naanza na ile inayosumbua wengi". Sekunde kumi zimeisha na mtu ameshajua yupo mahali sahihi. Kisha unaingia moja kwa moja, uzi haujapita njia zake zote, fungua upitishe upya taratibu huku mguu wa kushikia kitambaa umeuinua. Ya pili sindano imepinda au ncha imebutuka au imewekwa imegeuka, onyesha upande ule bapa unakaa wapi kwa cherehani hii, na sema wazi kwamba za aina nyingine zinatofautiana. Ya tatu kikazio cha uzi kimekazwa sana. Ya nne uzi wenyewe mbovu au umekaa muda mrefu, uvute mkononi uone unavyokatika kirahisi. Ya tano tundu la bamba pale sindano inaposhukia lina mkwaruzo, pitisha uzi pale uonyeshe unavyokwama, halafu lilainishe kwa msasa laini kabisa. Mwisho shona mbele ya kamera bila kukata hata sekunde, watu waone mshono umetoka mzima.

Jina lako na kazi zako zitaje katikati, mara moja, unapokuwa umeshatoa jibu la pili au la tatu. Mtu aliyesaidiwa anasabskraibu bila kuombwa mara nne.

Urefu uamuliwe na kazi. Ni kweli video ikifika dakika 8 unaruhusiwa kuweka matangazo ya katikati, lakini jibu la dakika tano likivutwa hadi nane watu wanaondoka na YouTube inaacha kuipeleka mbele. Kama maswali mawili yanafuatana kiasili, mfano kukata uzi na kuruka mshono, yaweke pamoja na hizo dakika nane zitajaa zenyewe.

Picha ya nje, ile thambneli, itengeneze kwa app ya Canva kwa ukubwa wa 1280 kwa 720. Maneno matatu au manne makubwa, picha ya tatizo lenyewe kwa karibu. Kuiweka ya kwako lazima uhakiki namba ya simu kwenye akaunti, inachukua dakika moja. YouTube wenyewe wanasema nusu ya chaneli na video zina kiwango cha kubonyezwa kati ya asilimia 2 na 10, yani kila picha ikionyeshwa mara mia inabonyezwa mara 2 mpaka 10, kwahiyo ukiona 3 usikate tamaa, ila ukiona video ambayo waliobonyeza wanaangalia hadi mwisho lakini wanaobonyeza ni wachache, badilisha picha na kichwa, video uiache. Video ya mwaka jana inaweza kufufuka kwa njia hii, swali la cherehani halichachi.

Kukuza watazamaji

Moja kwa wiki inatosha kabisa kwa mtu mwenye kazi nyingine. Tenga siku moja ya mwezi urekodi nne, badilisha shati ukitaka, halafu unaziachia moja moja. Pandisha usiku kama mtandao wako una bando la usiku la bei nafuu.

Kila video ndefu itoe vipande viwili vitatu vifupi, sekunde 30 mpaka dakika moja, kila kimoja kiwe na jibu kamili la jambo dogo. Hivyo peleka YouTube Shorts, TikTok, Instagram na Facebook. Tanzania yetu tumemwona Kili Paul, kijana wa Kimasai, video fupi tu za kuigiza nyimbo za Kihindi zimemfikisha mpaka kutajwa na Waziri Mkuu wa India Narendra Modi kwenye hotuba yake ya redio Februari 2022, kwahiyo nguvu ya kusambaa kwa video fupi ni ya kweli. Ila ulielewe hili vizuri, mpango wa TikTok wa kumlipa mtu kutokana na watazamaji upo kwa nchi chache kama Marekani, Uingereza, Ujerumani, Ufaransa na Japani, na mpaka naandika hapa Tanzania na Kenya hazimo. Huku kwetu TikTok ni ya kuvutia watu na zawadi za kwenye laivu kwa anayeweza, na hao waliovutiwa unawaelekeza YouTube na WhatsApp.

Komenti zijibu zote mwanzoni. Ukiona swali moja limeulizwa na watu watatu hiyo ni video ijayo, na ukiitoa rudi kwenye komenti zile uwaambie imetoka.

Halafu ingia YouTube Studio, ile app ya mwenye chaneli kusimamia video zake, sehemu ya takwimu, uangalie vitu viwili tu. Cha kwanza ule mstari unaoonyesha watu wanaondoka dakika gani, sikiliza ulikuwa unasema nini pale, mara nyingi utakuta ulikuwa unajirudia au unahadithia safari. Cha pili maneno waliyoandika kutafuta mpaka wakakufikia, yamo kwenye vyanzo vya watazamaji ukibonyeza utafutaji wa YouTube. Mimi hiyo orodha naiona ni dhahabu kuliko takwimu zote, maana kuna maneno humo hujawahi kuyatengenezea video na tayari watu wanakuja kwayo.

Kununua sabskraiba au yale magrupu ya "nisabskraibu nikusabskraibu" usiyaguse. Wale watu hawataangalia video zako, na YouTube inazipima video kwa namna watu walioonyeshwa walivyozipokea, kwahiyo unajiziba mwenyewe.

Hela ya matangazo inavyopatikana

Ili uwashiwe matangazo unatakiwa sabskraiba 1,000, pamoja na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 iliyopita, au Shorts zilizotazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Muda unaotokana na Shorts kwenye mkondo wake hauhesabiwi kwenye zile saa 4,000, wengi wanachanganyikiwa hapo. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Kama kila mtu anaangalia video yako kwa wastani wa dakika nne unahitaji kutazamwa mara 60,000 kwa mwaka mzima kwenye video zote, wastani ukipanda hadi dakika sita ni mara 40,000. Ndo maana nimekaa sana kwenye mpangilio wa video, dakika mbili za kumshikilia mtu zinakupunguzia safari kwa theluthi.

Ukishawashiwa, matangazo ya video ndefu mgao wako ni asilimia 55, ya Shorts ni 45 ya fungu linalotengwa kwa watengenezaji. Kiasi kinategemea mtazamaji yuko wapi, mtangazaji analipa zaidi kumfikia mtu aliyeko Marekani au Uingereza kuliko aliyeko Dodoma. Hapa dada wa mapishi ananufaika sana, kuna Waswahili wengi nje wanaotafuta namna ya kupika vitumbua au mkate wa kumimina kwa vitu vya dukani huko, kwahiyo taja vipimo kwa gramu, taja jiko la umeme, taja unga gani utafaa ukikosa mchele wa kuloweka. Haumpotezi mtu wa Tabora kwa kufanya hivyo na umempata wa Leicester na wa Muscat.

Nyimbo za watu usiweke hata kama unaipenda namna gani. Mfumo wa YouTube wa kutambua kazi za watu, Content ID, unaitambua na hela ya matangazo inaweza kwenda kwa mwenye wimbo, na ukipigwa maonyo matatu ya hakimiliki ndani ya siku 90 chaneli inafungwa. Ndani ya Studio kuna maktaba ya miziki ya bure, chukua humo, au acha sauti ya cherehani yenyewe isikike, inapendeza. Wale wanaokusanya video za TikTok za wengine na kuziunganisha, au kutoa video kwa wingi za sauti ya kompyuta na picha za kuokota, wanakataliwa YouTube wanapoikagua chaneli kabla ya kuiwashia matangazo, na Julai 2025 YouTube wamelisisitiza tena hilo. Mikono yako mwenyewe ikionekana inafanya kazi hapo huna wasiwasi.

Hela ya wateja, ambayo inakuja kabla

Naona vibaya mtu anapohesabu tu dola za Google wakati ana watu mia tano wanaomwamini. Kabla hujafika hata sabskraiba 1,000 unaweza kuwa umeshauza. Chukua laini ya pili ya biashara, weka WhatsApp Business, andika bei na huduma zako kwenye katalogi, namba iweke kwenye maelezo ya kila video na kwenye komenti uliyoibandika juu. Fundi cherehani anauza vipande vya karatasi za vipimo vilivyokatwa tayari, anafundisha darasa la jioni kwa malipo, anapokea cherehani za matengenezo. Mfugaji anauza vifaranga na anatoa ushauri wa kupanga banda. Malipo yapite lipa namba yenye jina la biashara, mteja wa mbali akiona jina analolijua kwenye chaneli anatuma kwa amani.

Duka la vifaa likitaka uwatangazie, kubali kile unachokitumia kweli, chukua hela au mzigo kabla ya kurekodi, na kwenye video sema umelipwa, pale Studio kuna sehemu ya kuweka alama kwamba video ina tangazo la kulipiwa. Wakikuletea sindano mbovu ukazisifia, wanaoumia ni walewale wanafunzi wako.

Ukirekodi wateja waombe ruhusa kwanza, watoto mwombe mzazi. Tanzania ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi tangu 2022. Na chaneli ikihama kutoka ufundi kwenda habari na matukio, kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizoanza 2018 na kurekebishwa baadae zina mambo ya leseni, pita TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, uulize kabla hujaanza. Walioko Kenya wajue malipo ya maudhui ya kidijitali yana kodi ya zuio ya asilimia 5 kutokana na sheria ya fedha ya 2023. Kote uwe na namba ya mlipa kodi.

Akaunti, benki na wezi

AdSense, ile akaunti ya Google ambayo YouTube inakulipia hela ya matangazo, fungua moja tu, jina liwe lilelile la kwenye kitambulisho cha NIDA na la kwenye akaunti ya benki, herufi kwa herufi. Ukifikisha dola 10 Google wanatuma kwa posta barua yenye namba ya siri ya tarakimu 6, kwahiyo weka sanduku la posta ambalo kweli una ufunguo wake au la mtu unayemwamini. Miezi minne ikipita hujaiingiza, matangazo yanasimama. Barua isipofika omba nyingine hukohuko ndani, usikae kimya.

Google ni kampuni ya Marekani, kwahiyo humo AdSense jaza fomu ya kodi ya huko, kwa mtu binafsi ni W-8BEN. Usipoijaza wanaweza kukata mpaka asilimia 24 ya mapato yako yote ya dunia nzima. Ukiijaza wanakata tu kwenye sehemu iliyotokana na watazamaji walioko Marekani, na hiyo kwa Tanzania na Kenya ni asilimia 30 kwasababu hakuna mkataba wa kodi kati yetu na wao.

Washa ulinzi wa hatua mbili kwenye Gmail ya chaneli leo leo. Kuna barua pepe zinakuja zinajifanya kampuni inataka kukulipa utangaze, zina faili la kupakua eti mkataba, ukilifungua kwenye kompyuta wanaiba akaunti na chaneli inageuka ya sarafu za mtandaoni usiku huohuo. Kampuni ya kweli inaweza kukuandikia mkataba bila kukulazimisha ufungue programu yoyote.

Malipo yanatoka ukifikisha dola 100, kati ya tarehe 21 na 26 ya mwezi unaofuata, na yanaingia benki kama fedha kutoka nje. Kabla hujaweka namba ya akaunti nenda tawini uulize mambo matatu, msimbo wa SWIFT wa benki, wanakata kiasi gani kupokea hela kutoka nje, na kama akaunti ya dola ina makato ya kila mwezi. Makato ya kupokea yakiwa makubwa unaweza kupandisha kiwango cha kulipwa kwenye AdSense, mfano hela itoke ikifika dola 300, ili ukatwe mara moja badala ya mara tatu.